Jogoo wa Nels na Neno Lililomezwa na Redio

Upepo wa Bredahl, Nebraska, hausimuliwi kwa mtu mwenye haraka. Mwaka mmoja ulivuma hata mbwa akabweka Jumatatu, sauti ikafika kaunti ya pili Jumatano, na mbwa wa huko wakamjibu wakidhani wametukanwa. Asiyeamini akawaulize mbwa. Lakini jogoo wa shaba wa kuonyesha upepo, aliye juu ya kituo cha wazimamoto, hakuwahi kugeuka bure. Akielekeza mdomo kaskazini, watu waliingiza ng'ombe zizini.

Jogoo huyo aliletwa na Nels Lundeen kutoka vitani Ubelgiji, kavingirishwa ndani ya blanketi la jeshi. Timu ya shule ikaitwa Majogoo. Na binti yake Nels, Ardith, bibi wa miaka sabini na ushei, hakupita chini ya kituo kile bila kunyoosha mgongo kama anakagua gwaride.

Fahari yake ya pili ilikuwa redio. Kila Ijumaa asubuhi alipiga simu kwenye kipindi cha Verlyn Kratochvil, mahali wahafidhina wa kaunti nzima hukutana bila kutoka majikoni mwao. Hubishana juu ya nyimbo za kanisani, juu ya historia inavyofundishwa shuleni, na kama askari wetu wakae Ulaya au warudi nyumbani kuvuna mahindi. Ardith aliacha shule mapema, lakini mabalozi aliowafukuza kazi kwa mdomo tu, huku akimenya viazi, hawana idadi.

Kosa lake lilikuwa moja: hakupunguza redio akiwa kwenye simu. Sasa, kipindi kile husikika redioni kimechelewa kidogo, ili Verlyn apate nafasi ya kubonyeza kitufe na kumeza tusi kabla halijafikia masikio ya watoto. Kwa hiyo Ardith alisema neno, kisha akajisikia akilisema tena kwenye redio ya jikoni. Siku moja alibishana na sauti yake mwenyewe kuhusu ushuru wa ngano, na akashindwa.

Basi, kijiji cha Ubelgiji alikotoka jogoo yule kikapata habari zake. Wakaomba, kwa adabu kabisa, arudi juu ya kanisa lao.

Redio iliwaka moto wiki nzima. Delbert, mfugaji wa nguruwe mwenye sauti ya trekta, alipiga simu kila siku. "Tumewapa damu yetu, Verlyn! Bado tunawalinda mpaka leo! Sasa wanataka na kuku?"

Wengine walikumbusha jinsi padri wa kijiji kile alivyomkabidhi Nels jogoo yule huku analia. Hadithi ile ilikuwa imenenepa mwaka hadi mwaka. Kwanza padri peke yake, halafu padri na kwaya, na kwenye sherehe za mavuno zilizopita akaongezeka askofu mwenye farasi mweupe.

Lakini jogoo ni mali ya ukoo wa Nels, na neno la mwisho ni la Ardith. Verlyn akamwachia saa yote ya Ijumaa.

Asubuhi hiyo Ardith hakugusa kahawa. Mumewe Merle alikuwa mezani na kipande cha pai ya cheri, akimtazama.

"Mke wangu, umekunja uso kama umelamba betri. Waambie ni zawadi, yaishe."

"Baba hakusema hata siku moja kwamba ni zawadi."

Merle akaweka uma chini.

"Nilikuwa mtoto, nimemshikia ngazi alipokuwa anamfunga pale juu," Ardith akasema. "Nikamuuliza, nani alikupa? Akasema, 'Nilimkuta kwenye theluji, kanisa limebomoka. Hapakuwa na mtu wa kumwomba.' Na kila Krismasi alikwenda pale chini, akavua kofia. Kofia, Merle! Mtu anamvulia kuku kofia?"

"Ukisema hivyo hewani, watamwita mwizi."

"Ndiyo ninachoogopa."

Simu ikalia. Ilikuwa stesheni ya redio.

"Mama Ardith! Kaunti nzima imetega sikio. Punguza redio yako."

"Sipunguzi."

"Haya, tuambie. Jogoo anakwenda au haendi?"

Ardith akapiga moyo konde. "Verlyn mwanangu, miaka yote kwenye kipindi hiki tunasema nini? Serikali isiguse shamba la mtu. Mtoto aheshimu kaburi la babu yake. Kanisa ni kanisa. Sasa hayo ni yetu peke yetu? Baba yangu alikuwa na miaka kumi na tisa, baridi imemla vidole. Hakupewa jogoo. Alimchukua. Na alijua mwenyewe, kwa sababu cha mtu ni mavi!"

Ardith akajua kidole cha Verlyn kiko juu ya kitufe, na sababu halali anayo. Akitaka, atameza tusi pamoja na habari ya Nels, na mji utabaki na padri wake na askofu wake. Verlyn alimpenda yule mzee. Nels ndiye aliyemfundisha kuvua samaki.

Ardith akageukia redio ya jikoni, roho juu. Merle naye akageuka.

Sauti yake ikatoka. "Hakupewa jogoo. Alimchukua. Na alijua mwenyewe, kwa sababu cha mtu ni—"

Shimo la kimya. Kaunti nzima ikalijaza yenyewe, na hata mchungaji wa Kilutheri alilijua neno.

"Asante, Mama Ardith," Verlyn akasema. "Tuna simu nyingine. Delbert?"

Delbert alikoroma kama injini inayokataa kuwaka. Ardith akashika ukingo wa meza.

"Mimi," Delbert akasema mwishowe, "ndiye mwenye ngazi ndefu kuliko zote hapa. Nitakuja nayo kesho. Na asishushwe kama gunia, mnasikia? Ashushwe bendi ikipiga. Wale watu waone amelelewa na nani."

Akashushwa bendi ikipiga, shule nzima ikiwa barabarani, blanketi lile lile la jeshi likimsubiri. Wanaume wote walivua kofia, Delbert wa kwanza. Ardith alisimama chini ya ngazi, ameishika kama zamani, mgongo umenyooka kuliko siku zote.

"Umetukana redioni," Merle akamnong'oneza.

"Nani kasikia?"

"Watu wote."

"Basi vizuri," akasema Ardith, akaendelea kushika ngazi.