Kukataa kwa Adabu

Baba yangu alifundisha Kiingereza shule ya msingi hapa Kibirichia hadi alipostaafu, na kwa bahati mbaya kustaafu hakukumfunga mdomo. Nyumbani tulifundishwa hata kukataa. "Refuse" lilikuwa neno la punda na la walevi. Mtu aliyesoma, alisema, hu-decline: anaweka mikono mapajani, anatabasamu, anashukuru, ndipo anasema hataki. Tulizoezwa mezani. Ukikataa viazi kwa uso wa kununa, unaongezewa sahani ya pili.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyelishika somo. Mimi lilinishinda, na mgongo wangu ukalipa.

Mwaka juzi alikuja mchumba kutoka Ruiri, mwanamume mwenye ng'ombe wengi na mke wa kwanza aliyetoroka na mkono uliovunjika. Habari za mkono ule hakuna asiyezijua. Dada alimwambia baba waziwazi kwamba hamtaki. Baba akamjibu, "Si utaulizwa mbele ya watu? Jibu hapo, nami nitafuata jibu lako."

Kwetu, siku ya mahari binti hupewa kikombe cha uji mbele ya wageni, na baba yake humwuliza kama wazee wanywe. Akionja, amekubali. Akikataa, wageni hurudi kwao na vitu vyao. Dada aliitegemea siku ile kwa moyo wote. Alipiga pasi gauni lake huku akiimba, maskini wa Mungu.

Wazee wa Ruiri walijaa hemani, wengi wao Kiingereza chao kikiishia kwenye salamu. Baba aliuliza kwa Kimeru, kisha akarudia kwa Kiingereza kwa kujigamba, wageni wajue binti amesoma. Dada akaweka kikombe chini. Akakunja mikono mapajani, akatabasamu.

"Thank you, Father, but I decline."

Baba akawageukia wazee. "Anashukuru," akawaambia kwa Kimeru. "Amekubali."

Makofi yakalipuka. Mama, ambaye hajui Kiingereza, alipiga vigelegele kuwashinda wote. Vijana waliosoma wakatazama viatu vyao. Mchumba mwenyewe alifika kidato cha nne. Alielewa vizuri sana. Aliinuka, akakiokota kikombe, akakisukuma midomoni mwa dada mpaka uji ukamtiririka kidevuni. Watu wakacheka kwa furaha. Mimi nikaruka nikapiga kelele, "Amekataa! Si mmemsikia?" Mjomba akanivuta gauni nikaketi.

"Nyamaza, wewe. Kwani ni wewe umeulizwa?"

Nilimchukia baba siku ile, na sijaacha.

Wageni walipoondoka alikuwa bado kitini, akichokonoa meno. Dada akamwendea, gauni limeganda uji kifuani.

"Baba, si ulisema utafuata jibu langu? Kwani nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Hiyo ilikuwa English safi kabisa, hata mkaguzi angekupa maksi zote." Akatema kipande cha nyama. "Lakini wale wazee ningewaambia aje ati umekataa, na wamekuona kwa macho yao ukicheka?"