Shati la Kupulizia Pamba

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kila nikimwona mbwa akitafuna kitu, na jana ulinirudisha pale pale. Ulikuja kutoka Bariadi mjini na mbwa wako mdogo, ukanieleza kwamba siku hizi wewe na wenzako mnawatengenezea mbwa vitu vya kuchezea kutokana na vilivyokwisha kutumika, ili taka zipungue. Nikakusifu, maana mimi sipendi kuona kitu kinatupwa ovyo. Kisha nikakukuta umekata gunia ulilolitoa stoo, lile la mbegu za pamba zilizotiwa dawa, unamsokotea kamba. Ulishangaa nilivyokunyang'anya bila maelezo. Sasa nimetulia, kaa nikueleze.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kwetu Migato. Mbwa wetu alikuwa amezaa, na baba akanipa mtoto mmoja nimlee, aje kulinda ng'ombe dhidi ya fisi. Nikamwita Jeki. Alikuwa mtundu kupita kiasi. Kwa wiki moja alitafuna kandambili za mama, mpini wa jembe na daftari langu la hesabu, hata mama akaniambia nimtafutie kitu cha kutafuna kabla hajatumalizia nyumba.

Kila mkulima wa pamba alikuwa na nguo yake ya kuvaa akibeba bomba la kupulizia dawa. Ya baba ilikuwa shati la kaki, limechanika mgongoni. Lilitundikwa nyuma ya nyumba kwenye ua wa minyaa, haliingii ndani wala halifuliwi pamoja na nguo zetu. Baba alitukataza kuligusa. Lakini alitukataza mambo mengi, mwanangu, na kwa hili hakutaja sababu. Kupulizia kulipokwisha, mimi nikaona tambara tu lisilo na kazi. Nikalichana, nikasokota kamba nene yenye fundo kila upande, kama tulivyosokota za kufungia ndama. Nikajiona fundi kweli kweli.

Jeki aliipenda kamba ile. Asubuhi nzima hakuiachia, mdogo wangu Masanja akivuta huku na yeye akivuta kule. Mchana nikasikia kimya. Nilimkuta kando ya mtungi, mate yanamtiririka, miguu imekakamaa, mwili wote unatetemeka. Nikamwita, hakugeuka. Nimeona mengi tangu hapo, nimezika na watu, lakini sijawahi kushtuka namna ile.

Mama alidhani kaumwa na nyoka. Baba alipokuja kutoka shambani alimtazama Jeki, akaitazama ile kamba, na uso wake ukabadilika. Hakuuliza habari ya mbwa. Alimbeba Masanja mpaka kwenye ndoo, akamvua nguo, akamsugua kwa sabuni viganja, mdomo na tumbo, akamwaga maji, akateka mengine, akarudia. Hapo ndipo nami nikaelewa nilichofanya, nikakaa chini.

Tulipelekwa zahanati wote wawili. Masanja alikuwa mzima, ila walituweka hapo kwa saa nyingi wakimwangalia. Bwana mifugo alifika nyumbani na baiskeli yake wakati Jeki amekwisha kufa.

Niliingoja fimbo. Baba wa enzi zile hakuwa mtu wa kujieleza kwa mtoto, sembuse mtoto wa kike. Tuliporudi akaniita mbele ya mama, nikapiga magoti. Akaniita mayu, jina alilomwitia mama yake mzazi.

"Kosa lako ni dogo, mayu. Langu ndilo kubwa. Nilikukataza, lakini sikukuambia kwamba shati lile lina sumu."

Baba yangu akaniomba radhi. Nilishtuka mara ya pili siku ile, nikalia kuliko ambavyo fimbo ingeniliza.

Basi, mwanangu, usiache hiyo kazi yenu, ni njema. Jinzi iliyochakaa, soksi, kipande cha kanga, vyote vinafaa. Fua, sokota, kaza mafundo, na nyuzi zikianza kutoka mnyang'anye mbwa asije akazimeza. Lakini kabla hujakata chochote, uliza kilibeba nini. Gunia la mbegu, dumu la dawa, nguo ya kubebea bomba, hata ukivifua mara kumi, hapana. Usipojua, muulize mwenye nyumba, na asipojua naye, kiache. Na siku ukiwa na nyumba yako, ukimkataza mtoto jambo, mwambie na sababu yake siku hiyo hiyo, hata kama umechoka.

Mungu akupe mikono isiyodhuru. Kila utakachokilea kikue, kizeeke, kikuchoshe kwa utundu wake, na wewe uwepo ukikiona.