Kidole Nilichokiruka

Nilipokuwa mtoto, pale kwetu Msambweni hapakuwa na mkono uliochezewa kama huu wangu. Sijisifu, waulizeni walio hai. Wenzangu walichezewa wakiwa wachanga, wakiota meno basi, wanaachwa. Mimi nilichezewa mpaka meno yakaanza kung'oka. Bibi yangu mzaa mama akishasali alasiri hunivuta mkekani, akakifungua kiganja changu, akaanza na kidole gumba, kila kimoja akikikunja:

"Huyu kaenda ufuoni. Huyu kavua tafi. Huyu kakuna nazi. Huyu kapika wali..."

Akifika kidole cha mwisho hunyamaza. Hakikunji hata kidogo, mpaka mimi mwenyewe nidai kwa kisauti chembamba: "Na mimi je?" Hapo ndipo anapokikunja, na vidole vyake vinanipanda mbio mkono mzima hadi kwapani. "Fungu lako hili hapa! Hili hapa! Hili hapa!" Nami nacheka mpaka nashikwa na kwikwi.

Mchezo ule ulikuwa na sheria yake, na wakongwe wa mtaani petu waliishika kama dini. Vidole vya mtoto mchanga lazima viitwe vyote na vikunjwe vyote. "Ukikiruka kimoja," Bibi alisema, "kitabaki nje, kiende kumtafuta wa kukiita. Na anayepita akiita vidole vya watoto wa watu si mtu mwema."

Basi akazaliwa mdogo wangu, Bakari.

Nilikuwa darasa la pili. Shule sikufika mbali, lakini hesabu ya mikono sihitaji mwalimu: Bibi alikuwa na miwili, na yote miwili ilihamia kwa Bakari. Alasiri mkeka ukitandikwa, mimi natumwa maji. Nikirudi nasikia, "Huyu kaenda ufuoni." Wimbo wangu, mkeka wangu, bibi yangu, na katikati lile toto nene linalonuka maziwa. Walimpaka wanja kwenye paji la uso kumkinga na jicho la watu wa nje. Hakuna aliyekumbuka kwamba jicho lenyewe lilikuwa ndani, linakula wali sahani moja nao.

Yote hayo ningeyastahimili. Lakini siku moja Bibi alipofika kidole cha mwisho akanyamaza, Bakari, ambaye hata "mama" alikuwa hajasema, akafungua kinywa: "Jeee?"

Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mama akaacha ufagio. Jirani akaja akiuliza kuna harusi gani. Nami nimesimama na ndoo kichwani, nasema moyoni: huo mstari ni wangu. Mwizi wewe.

Tangu siku hiyo, nikiachiwa Bakari nimlee, nilimchezea mikono vizuri sana. Ufuoni, tafi, nazi, wali. Vidole vinne navikunja kwa madaha. Cha tano nakitazama tu, kisha naondoka. Bakari hungoja. Kidole chake kidogo kimesimama peke yake, macho yananifuata. "Jeee?" Simjibu. Nilifanya hivyo siku nyingi, na sitawadanganya, nilipata raha.

Sasa sikilizeni siku yenyewe. Nilikuwa jikoni nimeikalia mbuzi ya kukunia, nakuna nazi ya wali. Kila mtoto wa pwani hufundishwa jambo moja kuhusu mbuzi: ukiinuka, ikunje, yale meno ya chuma yalale chini. Nikasikia huko barazani, "Huyu kapika wali..." kisha "Jeee?" kisha kicheko cha Bibi, kile kicheko chenyewe kilichokuwa changu. Nikainuka. Nikaenda kusimama nyuma ya mlango nichungulie.

Bibi alimweka Bakari chini, akaenda kutia udhu. Bakari akatambaa. Alinipita pale nyuma ya mlango akifuata harufu ya nazi, nami nikageuza uso pembeni, sikutaka kumwona.

Ukelele wake bado ninao masikioni.

Kilikuwa kidole kidogo cha mkono wa kulia. Mama alilia akamkimbiza kwa mganga wa dawa za hospitali, wakakishona. Waliporudi jioni Bibi aliniita. Hakupiga kelele, afadhali angepiga.

"Mwanajuma, nani alikuwa akikuna nazi?"

Nikaona njia mbili. Nikaingia ile yenye giza zuri.

"Bibi, nilikiruka kidole chake," nikasema, na kilio kikanitoka cha kweli. "Kila siku nilikuwa nakiruka. Sikukiita. Kimekwenda kuitwa na wengine."

Bibi alinitazama, halafu akatazama jikoni. Mbuzi ilikuwa bado imekenua meno, machicha yamekauka juu yake. Alikwenda akaikunja mwenyewe, taratibu, akaitundika. Akarudi akaketi.

"Basi wewe uliyekiruka ndiwe utakayekiita," akasema. "Kila siku, mpaka kipone. Na usiniletee kidole kimoja nusu nusu."

Nikamwimbia. Asubuhi, alasiri, kidole kimefungwa kitambaa kikubwa kuliko mkono. Siku za kwanza aliurudisha mkono nyuma akinitazama kama askari. Siku ya nne, au ya tano, aliutoa mwenyewe, akakiinua kile kitambaa: "Jeee?" Nikalia tena, safari hii bila hila.

Kilipona, ila hakikukunjika tena mpaka leo. Bakari ni mhudumu katika hoteli moja huko Diani, na akishika kikombe kidole kinasimama wima peke yake kama bwana mkubwa. Wageni humpenda kwa hicho kidole. Hukipiga picha! Nami nimekuwa nikisimulia harusini na matangani, kuanzia Tiwi hadi Lunga Lunga, jinsi nilivyokiruka wimboni kikaitwa na wasioonekana, na wanawake huvikumbatia vitoto vyao, hunisihi niwachezee mikono. Mtu maarufu mimi. Ila siku hizi Bakari naye anaisimulia hadithi hii, na, Mungu anisamehe, watu hucheka zaidi kwake. Mwizi yule yule.

Katika masimulizi yangu yote, mbuzi haimo.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa Bakari, Ukunda. Mkewe alikuwa akikuna nazi uani, simu ikalia chumbani, akainuka akaiacha mbuzi wazi. Mjukuu wao mchanga alikuwa anatambaa mkekani, mbali kabisa. Mimi na magoti yangu haya mabovu niliruka sufuria, nikakata uani mbio, nikaikunja mbuzi ile kwa mikono miwili na kuikalia. Nikabaki pale natweta.

Nilipoinua uso, Bakari alikuwa ananitazama. Akaitazama mbuzi chini yangu. Akakitazama kidole chake, kwa muda mrefu.

"Dada," akasema.

"Labeka."

Kisha akanimiminia kikombe, akanijia nacho mpaka pale nilipokaa, kidole kimesimama.

"Kunywa chai, dada. Inapoa."