Mwanzi Usiokubali Kona

Leo nilipita karibu na karakana ya seremala, kule mtaa wa Himbi, hapa Goma. Mwanzi mbichi ulikuwa unapasuliwa. Harufu yake ikanisimamisha.

Nilipokuwa mtoto, papa, baba yangu, aliwahi kunitengenezea treni ya makopo ya sardini. Goma haina reli, lakini yeye alikuwa amepanda treni ujanani, na alitaka yangu iteremke katikati ya maharage yetu, kwenye mawe meusi ya volkano. Reli ingekuwa ya mwanzi. Akaweka mafungu mawili mbele yangu: mibichi ya kijani, na mikavu iliyong'aa kama siagi.

"Chagua, mama," aliniambia, mimi bintiye.

Nikashika mikavu.

"Ile ya kukauka haikubali kona. Treni itaenda tu, haitazunguka irudi kwako."

"Ni mizuri, papa. Nataka hii."

Nilikuwa mbishi. Basi kila treni ilipofika chini, papa aliibeba akapanda nayo hadi kwangu, akihema, huku akipiga honi kwa mdomo.

"Unatafuta nini, mama?" seremala aliniuliza leo, pale karakanani.

"Mwanzi mbichi, papa," nikamjibu kwa heshima, kama tunavyowaita wanaume wazima. "Ule unaokubali kona."