Fishbayn Amjibu Bwana Lefkow

Kila asubuhi, kabla hata hajavua koti, Bluma Tarshis alifungua dirisha la ofisi, ghorofa ya tatu juu ya duka la vifungo, akautoa nje moshi wa sigara za jana. Ndipo akakaa kwenye mashine yake ya chapa. Miaka ishirini na miwili hapo New York, moshi ule ule, wabishi wale wale.

Wabishi wenyewe walikuwa Irwin Lefkow, mhariri wa jarida, na Seymour Brodkin, msaidizi wake. Ujanani walikuwa wanafunzi maskini wakipigania mapinduzi kwenye kantini ya chuo mpaka supu inapoa. Sasa mvi zimeota na mawazo yamegeuka. Serikali, waliandika, ina moyo mzuri na mikono mizito: inawajengea maskini maghorofa huku inabomoa mitaa yao, inatoa msaada huku inalea utegemezi. Na nje ya nchi isiwachekee wababe. Marafiki wa zamani wakaacha kuwasalimia. Magazeti yakawabandika jina, wahafidhina mamboleo; Lefkow alilikasirikia wiki nzima, kisha akalivaa kama kofia mpya. Wasomaji wao wasingejaza ukumbi wa sinema, lakini baadhi yao waliingia na kutoka kwenye ofisi za wakubwa huko Washington.

Jarida lilikuwa na desturi moja. Makala haikwenda kiwanda cha uchapaji mpaka Bluma aisome kwa sauti na mtu aishambulie. Asiyeshambulia aliulizwa kama anaumwa. Bluma mwenyewe hakuulizwa kitu. Mengi alikubaliana nao, maana hata mtaa aliozaliwa ulibomolewa kwa nia njema. Lakini Lefkow alipoandika kwamba chakula cha mchana shuleni nacho kifutwe, aliipiga chapa makala hiyo akigonga herufi kama misumari. Alitamani, japo mara moja, wabishane naye.

Basi akaandika barua kwa mhariri, kurasa tatu, akatia saini B. Fishbayn, jina la ukoo wa mama yake, na anwani ya dada yake kule Bronx. Barua ilipofika akapewa yeye aisome. Akaisoma kwa sauti kavu, kama anayesoma ratiba ya treni. Fishbayn alisema jarida linajigamba kupima matokeo, si nia. Vizuri, basi lipime. Akataja shule moja, na idadi ya watoto waliosinzia mchana siku walizokula na siku wasizokula. Akamalizia hivi: "Bwana Lefkow, ulisema uliacha mapinduzi kwa sababu ulichoka na watu wanaopenda nadharia kuliko watu. Je, umeshapumzika?"

Brodkin alicheka mpaka chai ikamtokea puani. "Irwin, huyu kakuacha na soksi tu."

Lefkow akasema huyo ni profesa, tena wa Boston, kiburi hicho anakijua. Akajibu kwa kurasa nne. Fishbayn akajibu kwa mbili. Ikaenda hivyo miezi mitano, na Bluma akaanza kuimba kwenye ngazi.

Rais mpya alipoapishwa, Lefkow aliitwa Washington kushika kitengo kwenye wizara, na akaruhusiwa kuchagua washauri. Wa kwanza aliyemtaka alikuwa adui yake, Fishbayn. Akamsomea Bluma barua ya mwaliko, neno kwa neno, naye akaipiga chapa bila kosa hata moja. Lefkow akatia saini. Bluma akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake, akakaa.

"Sanduku la posta liko chini," Lefkow akamwambia.

"Imeshafika, Bwana Lefkow."

Brodkin alielewa kwanza, akashikilia kabati asianguke kwa kicheko. Lefkow akavua miwani.

"Wale watoto uliwahesabu wewe?"

"Dada yangu anapakua chakula pale. Nilikaa nao likizo yangu yote. Na swali langu bado hujalijibu."

Lefkow akasema vyema basi, waende wote, maana kule atahitaji mpiga chapa anayeujua mwandiko wake. Kicheko cha Brodkin kikakatika.

"Barua haisemi mpiga chapa," Bluma akasema. "Inasema mshauri. Saini ni yako."

"Ishambulie, Irwin," Brodkin akachochea. "Desturi ni desturi."

Lefkow akaizunguka meza, akatafuta tundu kwenye barua yake mwenyewe, asilione.

"Utanipinga kila siku, wewe mwanamke."

"Si ndiyo maana umeniita?"

Akaanza kucheka, taratibu, kama mtu aliyeshindwa karata na mkewe. Akamwomba ile barua, akaketi kwenye mashine, akalifuta jina la Fishbayn, akaandika Bluma Tarshis kwa vidole viwili, na makosa mawili. Bluma akayasahihisha kwa kalamu palepale.

Saa tano ilikuwa haijafika. Akampa mkono Brodkin, akasema ana sanduku la kupanga kwa safari ya Washington, akavaa koti akashuka ngazi akiimba. Ofisi ile haikumwona tena.