Michikichi ya Shangazi na Ghala la Chuma

Mwanangu, mpaka leo naikumbuka asubuhi ile, na nikiikumbuka damu inanichemka. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi mwenyewe.

Zilikuwa enzi za vijiji vya Ujamaa, huku kwetu karibu na Simbo. Maghala yetu ya miti yaliliwa na mchwa kila mwaka, tunajenga, yanaanguka, tunajenga tena. Kijiji kikajinyima, kikaagiza ghala la nguzo za chuma, la kuwekea mahindi na mtambo wa kukamulia mawese. Sisemi chuma ni kibaya! Mchwa hawakiwezi, na ghala lile limesimama hadi leo.

Vyuma vikaja kwa treni hadi Kigoma, lori likavimwaga kando ya barabara, jirani na michikichi ya shangazi yangu Mama Bukuru, mjane. Wazee walishaamua ghala lijengwe kilimani, kwenye mawe, pasipolimika. Mimi ndiye niliyeongoza vijana wa ujenzi. Nikaiweka nguzo moja begani na mwenzangu. Lo! Hatukufika hata nusu ya kilima, ulimi nje.

"Ya nini kujitesa?" nikawaambia wenzangu. "Tujenge hapahapa."

Shangazi akaja mbio, ungo bado mkononi. Aliniita baba, maana nimerithi jina la baba yake. "Baba, michikichi hii ndiyo inayonilisha tangu mume wangu afe. Kupandisha vyuma ni kazi ya siku tatu. Pandisheni, nitawapikia."

Nikamjibu mbele ya watu, "Shangazi, usiturudishe nyuma." Mjinga mimi! Jua halijafika utosini, michikichi tisa ilikuwa chini.

Ghala likasimama, tukapigiwa makofi. Siku ya kwanza ya kukamua, nani nikamwona kwenye foleni? Shangazi, na chupa tupu, anaomba mawese ya kuungia maharage. Mwanamke aliyekuwa akiwagawia majirani! Hakunitukana. Alisema tu, "Baba, nijazie." Afadhali angenichapa. Nikampandia michikichi mingine, akafa kabla haijazaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile guu lililovunjika halikuwa langu.

Sasa nawe unaniletea habari za banda lako la chuma, nguzo ngapi, bati ngapi, na kiwanja ni shamba la yule bibi kwa kuwa liko karibu na barabara! Huna haya? Nani kakudanganya kwamba gharama ya jengo inaishia kwenye chuma na bati? Mhesabu na yule unayemng'oa. Jiulize jengo ni la kazi gani, na likishasimama nani atalala njaa. Kama mzigo ni mzito, ubebe wewe, usimtwishe mnyonge.

Haya, nenda kwa bibi huyo ukamwombe radhi, kisha ukatafute kiwanja kwingine. Mungu akupe nguvu, mwanangu, na akujalie kujenga mahali ambapo hakuna atakayelia kwa sababu yako. Amina.