Mkono Mmoja wa Kahonzi

Saa mbili asubuhi, kijijini Ganda. Mwalimu Nyevu Kaingu anawaamuru watoto arobaini na saba wa chekechea wainue mkono wa kushoto, waupitishe juu ya kichwa na kushika sikio la kulia. Mama anayepita na kuni anaguna. Wa kushoto, tangu lini?

Wote wanainua, isipokuwa Kahonzi.

Ana miaka tisa. Wenzake wa mkeka mmoja wako darasa la tatu. Mkono wake wa kulia ulipooza kwa polio angali mchanga, lakini kusoma anasoma, tena huwasomea wadogo.

Huku vyeti vya kuzaliwa ni vya wachache. Umri hupimwa kwa sikio: mtoto akilifikia kwa kuzungusha mkono kichwani, huandikishwa darasa la kwanza. Asipolifikia, hurudi chekechea. Kahonzi amerudi mara tatu.

"Mara mbili alikwenda na mamake, wakarudi kimya," anasema Nyevu, anayelipwa shilingi mia mbili kwa mwezi, au mahindi wazazi wakikosa. "Januari hii ya 1986 nikampeleka mwenyewe."

Mwalimu mkuu alimwonea huruma. Akamwambia atumie huo wa kushoto.

"Akauficha nyuma," Nyevu anasema. "Nikamwambia, inua, mwanangu. Akalia: 'Mwalimu, si ulisema ni tabia mbaya?' Mwalimu mkuu akaandika 'Hajafika', akaita mwingine."

Ni kweli, alisema. Adabu ndilo somo la kwanza la chekechea: mkubwa hapewi kitu kwa kushoto, wala hakipokelewi kutoka kwake kwa mkono huo. Kila Kahonzi aliponyoosha mkono pekee alio nao, Nyevu alimchapa kiganja. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Nyevu alimkunja, naye akakunjika vizuri mno.

"Sikumwona mtoto, niliona mkono wa kushoto tu," anasema kwa uchungu. "Shule haikumfungia mlango. Niliufunga mimi."

Januari ijayo watakwenda tena. "Nitamsalimu mwalimu mkuu kwa kushoto, mbele ya wazazi wote. Wakinicheka, wanicheke. Kahonzi aone tu kwamba sikuchapwa."

Kipindi cha kuandika kinafika. Nyevu anainama, anamnyooshea Kahonzi chaki, kwa mkono wake mwenyewe wa kushoto.

"Pokea, mwanangu."

Kahonzi anakitazama kiganja chake mwenyewe. Kisha anakinga upindo wa gauni, chaki idondoshwe humo.